Chunga maungio: ninavyosimamia ujenzi wa vituo vikubwa vya utafiti

Watu wakisikia kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa vituo vya utafiti huwa wanadhani kinachoninyima usingizi ni ile sayansi yenyewe, masumaku makubwa, leza, mitambo ya baridi kali. Hapana jamani. Aliyebobea kwenye sumaku anaijua sumaku yake, fundi wa zege analijua zege lake, ukimfuata kila mmoja kwenye eneo lake unakuta kazi safi kabisa. Balaa liko pale kazi ya huyu inapogusana na kazi ya yule. Mimi napaita maungio, na miaka yote niliyofanya hii kazi karibu kila hasara niliyoiona ilianzia hapo.

Nianze na yangu. Kuna mradi mmoja niliingia zege likiwa limeshamwagwa, jengo zuri, sakafu imenyooka kama kioo, mifereji ya mabomba imeachwa vilevile mchoro ulivyosema. Sasa mchoro wenyewe ulikuwa wa zamani. Timu ya mitambo ya baridi walishabadilisha bomba lao, limenenepa kwa sababu wameongeza tabaka la kuzuia joto, wakaandika kwenye faili lao wakaendelea na kazi, na mkandarasi wa jengo hakuna aliyemwambia. Ukiangalia kila mtu ana haki. Mkandarasi kafuata mchoro aliosaini, wahandisi wa baridi wamefuata hesabu zao, na katikati kuna mfereji wa sentimita 40 na bomba lisiloingia. Ikabidi tukate zege ndani ya ukumbi ambao tayari umeanza kupokea vifaa, na vumbi la zege ni adui mbaya sana wa vioo na wa mabomba ya ombwe, yaani yale yanayoondolewa hewa yote ndani, linapenya kila mahali, basi tukatundika maplastiki, tukakata, tukasafisha, tukapima, vumbi bado lipo, tukasafisha tena, mpaka miezi minne ikaisha. Wale wanasayansi walikuwa na wanafunzi wanaosubiri kufanya utafiti wa shahada zao, na hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Tangu siku hiyo kila ungio kwenye mradi wangu lina karatasi yake. Karatasi moja tu, sitaki kitabu. Inasema liko wapi kwa milimita kutoka alama kuu za upimaji, litabeba tani ngapi, joto kiasi gani linatoka upande huu kwenda ule, maji lita ngapi kwa dakika, umeme kiasi gani, na nani analeta bolti. Hilo la bolti naliuliza kila mara na kila mara watu wananishangaa, halafu wakigeukiana kila upande unadhani bolti zinaletwa na mwenzake. Chini kuna saini mbili na tarehe ambayo baada yake hakuna mtu kubadilisha peke yake, hata kama ni milimita moja, hata kama anaona haina madhara. Anayetaka kubadilisha anakuja, tunakaa wote watatu, tunaangalia imegusa nini kingine, ndio tunaamua.

Kama unaona nazidisha, angalia LHC, mashine ya kukimbiza na kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Handaki lenye mzunguko wa kilomita 27, ndani yake sumaku kuu 1,232 za kupindisha mkondo wa chembe, kila moja mita 15 na uzito wa tani 35 hivi, zote zimepozwa kwa heliamu mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri. Tarehe 10 Septemba 2008 wakaiwasha dunia nzima ikitazama, na siku tisa baadaye ikaharibika wakati wa majaribio ya umeme. Chanzo kilikuwa kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili. Kiungo hakikuunganishwa vizuri, umeme ulivyopandishwa kikapata joto kikayeyuka, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kadhaa za heliamu zikalipuka kutoka na kuzing'oa sumaku nzito kutoka kwenye viti vyake. Sumaku 53 zikatolewa handakini, mashine ikarudi kazini Novemba 2009. Baadaye, 2013 na 2014, wakaizima kwa muda mrefu wakapitia viungo vya namna hiyo zaidi ya 10,000 kimoja kimoja na kuviimarisha. Fikiria sasa, kila sumaku ilikaguliwa na kupimwa kiwandani na tena ilipofika, lakini kiungo hakina kiwanda, kinazaliwa palepale handakini, mtu kapiga magoti kwenye nafasi finyu. Kwa hiyo ratiba yangu siku hizi inatenga siku za kupima viungo kama kazi inayojitegemea, na bajeti yake siruhusu mtu aiguse.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mradi ukiwa wa nchi nyingi, kwa sababu hapo maungio yanazalishwa na siasa. ITER, mradi wa majaribio ya kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, kule Cadarache kusini mwa Ufaransa, una wanachama saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Sehemu kubwa ya mchango wao haiji kama pesa, inakuja kama vipande vya mashine, maana kila nchi inataka viwanda vyake vipate kazi na ujuzi. Mimi silaumu, bila hivyo mradi usingekuwepo. Ila matokeo yake chombo kikuu cha ombwe kimegawanywa vipande 9, kila kimoja tani zaidi ya 400, vinatengenezwa mabara mawili tofauti, halafu vikutane saitini vichomelewe kwa roboti ambayo inahitaji kingo zikae sawasawa kabisa. Hazikukaa sawasawa. Vipimo vya kingo kwenye vipande vya mwanzo vilitofautiana na mchoro, juu ya hilo yakagundulika mabomba ya kupozea ngao ya joto yenye nyufa za kutu, na kipande kilichokuwa kimeshashushwa shimoni kikabidi kitolewe kikatengenezwe. Mpango mpya wa 2024 umesogeza kuanza kwa utafiti mpaka 2034.

Lakini inawezekana, na mfano ninaoupenda ni ALMA, darubini ya redio kwenye jangwa la Atacama, Chile, kwenye mwinuko wa mita 5,000. Ina antena 66 na zilitoka pande tatu: 25 za Amerika ya Kaskazini, 25 za Ulaya, 16 za Japani, dizaini tofauti, ukizitazama unaona tofauti kwa macho. Kilichowaokoa ni kwamba walichokubaliana mapema ni upande wa chini, yaani jinsi antena inavyokaa kwenye msingi wake, inavyopata umeme na deta, na jinsi lile gari kubwa la kubebea linavyoikamata. Gari ni hilohilo, misingi ni hiyohiyo, huko juu kila mtu akajenga anavyojua. Ikazinduliwa Machi 2013.

Kuna ungio lingine watu hulisahau kwa sababu liko miguuni. Ardhi. Kwenye vituo hivi jengo ni sehemu ya kifaa, na ardhi ni sehemu ya jengo. Kabla ya LHC, handaki lilelile lilikuwa na LEP, mashine ya awali ya kukimbiza chembe, na wakagundua nishati ya chembe inapanda na kushuka kufuata mwezi, kwa sababu mvuto wa mwezi ulikuwa unavuta miamba na kurefusha mzunguko wa kilomita 27 kwa milimita moja hivi. Treni za mwendokasi za karibu nazo zilikuwa zinavujisha umeme ardhini ukafika mpaka kwenye mashine. Huwezi kumwambia mwezi asogee. Unachoweza ni kupima mapema, mwaka mzima kama inawezekana, usiku na mchana, mvua na kiangazi, ndio umpe msanifu majengo kalamu. Kituo cha MAX IV huko Lund, Sweden, kilijengwa karibu na barabara kuu, na mitetemo ya malori ingeharibu mwanga wa eksirei wanaouzalisha kwa ajili ya utafiti. Wakachanganya udongo na chokaa na saruji kwenda chini mita kadhaa ili msingi uwe mgumu, halafu eneo lote la nje wakalipanga vilimavilima ili mawimbi ya mtetemo yanayotambaa ardhini yavunjike kabla hayajafika. Mpita njia anaona bustani nzuri tu yenye vilima.

Pesa sitaikalia sana, ila hili lazima niliseme. Akiba ya dharura kwenye bajeti ndiyo kitu cha kwanza wafadhili wanataka kukata, wanaiona kama pesa iliyolala. Mimi naihesabu kutoka kwenye zile karatasi: ungio hili likikosea kutengeneza ni kiasi gani, uwezekano wake ukoje, najumlisha, naenda mezani na orodha badala ya asilimia ya kubuni. Ule mradi wa SSC kule Texas, nao wa mashine ya kukimbiza chembe, mzunguko wa kilomita 87, ulianza na makadirio ya dola bilioni 4.4 na ukafika zaidi ya bilioni 11, Bunge la Marekani likaufuta Oktoba 1993 wakati dola bilioni 2 zimeshatumika na kilomita zaidi ya 20 za handaki zimeshachimbwa. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ni kwamba hesabu zilionyesha tundu la sumaku linalopitisha chembe ni dogo mno, likapanuliwa kutoka sentimita 4 hadi 5. Sentimita moja, lakini izidishe kwa maelfu ya sumaku, kwenye chuma, kwenye nyaya, kwenye kila kitu kinachoizunguka sumaku. Uamuzi kisayansi ulikuwa sahihi, nasisitiza hilo, umechelewa tu.

La mwisho ni ungio la wakati, kati ya awamu ya leo na ya miaka kumi ijayo. LIGO, vile vituo viwili vya Marekani vya kunasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko hafifu inayotoka kwenye matukio makubwa angani, kimoja Hanford na kingine Livingston, mradi ulikuwa unayumba mpaka mwanafizikia Barry Barish alipoushika mwaka 1994. Alichopanga ni kujenga mara mbili: kwanza majengo na mabomba ya ombwe yenye mikono ya kilomita 4, yakiwa na ubora na nafasi ya kutosha hata kwa vifaa ambavyo bado havijatengenezwa, halafu kuweka vifaa vya teknolojia iliyopo, kujifunza navyo, na kuvitoa vikiwa vimezeeka. Awamu ya kwanza ilisikiliza mpaka 2010 na haikusikia wimbi hata moja. Mtu mwenye haraka angesema pesa imepotea. Wakatoa vifaa, wakaingiza vipya kwenye mabomba yaleyale, na tarehe 14 Septemba 2015 wakanasa wimbi la mashimo meusi mawili yaliyogongana. Mabomba ya miaka ya 90 bado yanatumika mpaka leo, na mimi nikichora mradi mpya kitu cha kwanza ninachouliza timu ni kipi kati ya hivi tunavyojenga kitabaki pale pale vifaa vikishabadilishwa mara tatu, kwa sababu hicho ndicho nitakachokipa milimita za ziada na wapimaji wangu wazuri kuliko wote.