Kuruka Mwaka wa Kupogoa Chai

Kila mwaka mvua zinapoelekea ukingoni hapa Mufindi, hunijia mtu mwenye hoja ileile: lengo la kilo halijafikiwa, bei si mbaya, kwa hiyo tuache kupogoa mwaka huu, tutapogoa mwakani. Kupogoa ni kuukata mchai ushuke chini ili uchipue upya. Anaamini kwamba anapima mavuno ya leo dhidi ya afya ya shamba ya kesho, na kwamba kuahirisha mara moja tu hakuna madhara. Nimeijibu hoja hiyo mara nyingi mno, na sasa naiandikia jibu refu.

Tuchukue shamba la hekta 100 lenye mzunguko wa miaka minne, yaani kila kipande hupogolewa mara moja katika miaka minne. Kila mwaka hupogolewa hekta 25, na 75 zinaendelea kuchumwa kama kawaida. Ukiruka mwaka mmoja, hekta zote 100 zinachumwa, kilo zinapanda, na ripoti ya mwaka inapendeza kusoma. Mwaka unaofuata shamba linadai kupogolewa hekta 50, lakini ni nadra kumpata meneja atakayethubutu kufunga nusu ya shamba kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kiwanda kitakosa majani na wachumaji wanaolipwa kwa kilo watakosa kazi. Kwa hiyo anapogoa zile 25 zilizorukwa na kuzisogeza mbele zile zilizotimiza zamu yao. Fuatilia kwa kalamu na karatasi utaona kwamba kwa miaka minne mfululizo, kila kipande kinachopogolewa kimeshafikisha miaka mitano. Raha ya mwaka mmoja inalipiwa na shamba zima, kipande baada ya kipande, na mara nyingi aliyeifaidi ameshahamishwa. Kibaya zaidi, kabla ya miaka hiyo minne kwisha bei hupanda tena, mtu mwingine huja na hoja ileile, na vipande vinaanza kufikisha miaka sita.

Ingia katika kipande kama hicho. Meza, yaani uso wa juu wa michai unaochumwa, imepanda hadi mchumaji anachuma mikono ikiwa juu, vijiti vya juu ni vyembamba na vina vifundo, na ncha nyingi zimelala, hazitoi jani jipya. Majani mawili na chipukizi, yaani sehemu changa inayotakiwa kwa chai nzuri, yanakuwa haba. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hana budi kujaza kikapu kwa majani yaliyokomaa pamoja na vikonyo vyake, nami simlaumu, kwa kuwa mfumo wa malipo ndio uliomfundisha hivyo. Kwenye mizani kilo zinaonekana nzuri. Kiwandani, ambako takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, nyuzinyuzi zinaongezeka na daraja la chai linashuka. Hasara hiyo haionekani kwenye safu ya kilo, ndiyo maana wanaotazama safu hiyo peke yake hudhani mambo yanakwenda vizuri.

Watu husahau pia kwamba tunapogoa Juni hadi Agosti kwa sababu maalumu. Huo ni wakati wa baridi na ukavu, ambapo mavuno ni machache, hivyo tunapoteza kidogo, na mizizi imejiwekea akiba ya wanga itakayolisha machipukizi mapya. Mti uliopogolewa bila akiba hufa matawi, pengine hufa wote. Kata mzizi wenye unene wa penseli, dondoshea ayodini mahali palipokatwa: ukigeuka rangi ya bluu iliyokolea na kuelekea weusi, wanga upo, ukibaki na rangi ya hudhurungi ya ayodini yenyewe, pumzisha kipande hicho bila kuchuma kwa wiki kadhaa, au acha tawi moja lenye majani kwenye kila mti lilishe mizizi. Na matawi yaliyokatwa yabaki shambani, yasibebwe kuni.

Nakiri kwamba miaka minne si amri. Kwenye aina fulani za miche na miinuko ya baridi, mitano inaweza kufaa, na uchumaji wa mashine unavuruga hesabu nyingi tulizozizoea. Mwaka wa ukame mkali, ayodini ikikataa kila mahali, mimi mwenyewe husitasita, na nimewahi kushauri kusubiri. Tofauti ni kwamba uamuzi huo umetoka kwenye mizizi, haukutoka kwenye lengo la mwezi.

Ninachodai kwa mameneja ni kidogo. Ripoti ya kilo iambatane na jedwali la umri wa kila kipande tangu kipogolewe, na meneja apimwe kwa kilo kwa hekta za mzunguko mzima. Kwa aliyekwisha kuruka mwaka, njia ipo: apogoe hekta 31 hivi kila mwaka kwa miaka minne badala ya 25, na upungufu wa kilo utakaotokea uingizwe kwenye bajeti na kuelezwa kiwandani kabla panga la kwanza halijaingia shambani.