"Sisi ni watu wa dini, huyu katoka wapi?"

Sentensi hiyo naisikia kliniki mara kwa mara, na nimechoka nayo. Inasemwa na mama aliyejitanda vizuri, inasemwa na mzee wa kanisa, inasemwa na ustadhi ambaye watoto wa mtaa mzima wamesomea juzuu kwake. Wanamleta kijana wa miaka 22 au 25 anayetumia unga, yaani heroini. Kabla hawajaniambia alianza lini na sasa yuko kete ngapi, yaani vipakiti vingapi vya unga, kwa siku, wananieleza kwanza nyumba yao ilivyo. Baba mmoja alifungua bahasha ya kaki, akapanga mezani cheti cha ubatizo, cha kipaimara na kile cha kwaya, na kimoja kilichokuwa kimekunjika pembe akakinyoosha kwa kiganja. Kijana alikuwa ameketi pembeni, miayo haikatiki, kamasi na machozi vinamtoka, amejikumbatia tumbo. Arosto, mateso ya mwili uliokosa unga, ilikuwa imeshaanza. Baba alikuwa anatazama vyeti.

Niseme wazi: kwamba nyumba yenye dini haitoi mtoto mpotevu, na ikimtoa basi ama wazazi ni wanafiki ama kuna mkono wa mtu, hiyo si kweli. Hata vitabu mnavyovisoma kila siku havisemi hivyo. Katika Sura ya Hud, Nabii Nuhu anamwita mwanawe apande naye safinani, na mwana anajibu kwamba atakimbilia mlimani umkinge na maji. Akazama, naye ni mtoto wa mtume. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 8, wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, wanafanywa waamuzi Beer-sheba, wanapokea rushwa na kupotosha hukumu. Samweli halaumiwi popote kwa hilo. Anayelaumiwa ni kuhani Eli, sura chache kabla, na kosa lake linatajwa: alijua wanavyofanya wanawe, asiwazuie. Hapo pana tofauti ambayo ningependa kila mzazi anayekuja kwangu aitafakari. Kupata mtoto aliyepotea ni jambo moja, kujua na kunyamaza ni jingine.

Kuna wanaonisomea Methali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee", kana kwamba Mungu anadaiwa. Hiyo ni methali, inaeleza mambo yanavyokwenda mara nyingi. Someni na Ezekieli 18, panapozungumzwa waziwazi juu ya baba mwenye haki aliyezaa mwana mnyang'anyi, na kila mmoja akabeba lake. Wakatoliki wanamjua Mtakatifu Monika, mama aliyesali na kulia miaka mingi. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, aliishi na mwanamke bila ndoa, akafuata mafundisho ya Wamani, dini nyingine ya wakati huo, na alibatizwa mwaka 387 akiwa na miaka 32. Hakuna anayemwita Monika mnafiki.

Basi katoka wapi? Tuanze na unga wenyewe. Unatoka Afghanistan, unapakiwa majahazini kwenye pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, unavuka bahari na kushushwa kwetu. Watu wa Tanga, Zanzibar, Dar, Mombasa na Malindi hawakupungukiwa imani kuliko watu wa bara. Waliishi ulikoshushwa. Kijana wa kijiji ambacho unga haujafika hana sifa ya pekee kwa kutouvuta.

Halafu kuna kurithi. Takriban nusu ya wepesi wa mtu kunasa kwenye ulevi hutokana na damu aliyozaliwa nayo. Ndiyo maana huwauliza wazazi kuhusu mjomba, babu, baba mdogo. Wanakasirika, wanaona nawatukana. Kisha mama anasema polepole kwamba ndiyo, kaka yake alikufa kwa gongo. Kuna na umri: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "subiri, fikiri kesho itakuwaje", haikomai mpaka karibu miaka 25, wakati hamu ya kujaribu na ya kukubalika na wenzake imeshapamba moto tangu akiwa na miaka 14. Wengi hawakuanza kwa kuamua kuvuta unga. Walipewa kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, kijiweni, na rafiki wanayempenda. Baada ya muda wa kuvuta kila siku, siku moja asubuhi mwili unauma mifupa na tumbo linaendesha, na hapo ndipo anagundua kwamba si suala la kutaka tena. Ndugu yake aliyelala naye chumba kimoja, akasali naye swala zilezile, hakuwa kijiweni siku hiyo, au alikuwepo na kichwa kikamuuma tu. Leo huyo ni mwalimu, na wazazi wanauliza nini walimpa huyu wakamnyima yule.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kweli. Nyumba ya dini haimpotezi mtoto, lakini mara nyingi inamchelewesha. Mtoto wa imamu au wa mchungaji anajua tangu utotoni kwamba anatazamwa, na kwamba akikosea anayeumia ni jina la baba. Anajifunza kujibu vizuri. Anajua lini ainamishe kichwa, lini aseme "inshallah" na lini aseme "bwana asifiwe", na huku nje ana maisha mengine kabisa. Wazazi nao wanapoanza kuona dalili, simu ya mama kupotea, mtungi wa gesi kupotea, mtoto kukaa chooni muda mrefu, hawaulizi, kwa sababu wakiuliza watajibiwa, na jibu likishatoka litafika msikitini. Kwa hiyo anapelekwa kwa shangazi Handeni. Akirudi anafanyiwa kisomo. Kikishindikana anapelekwa kwenye mkesha wa maombi mji mwingine, ambako hawajulikani. Miaka inapita. Anapofika kwangu ameshaacha kuvuta, anajidunga, na sasa tunapima pia virusi vya ukimwi na homa ya ini C, mambo ambayo tungeyakwepa kama angeletwa wakati wa kokteli. Nikiuliza kwa nini wamechelewa, jibu ni moja: aibu.

Ushauri wangu kwa nyumba hizi ni uleule na sitaacha kuurudia. Katika ukoo wenu lazima awepo mtu mzima mmoja ambaye mtoto anaweza kumwambia neno lolote naye asishtuke, asilie, asimpigie baba simu usiku huohuo. Mara nyingi ni mjomba, au shangazi ambaye naye alipitia mengi. Mchagueni mapema, mtoto akiwa na miaka 12, na mwambieni mtoto mbele yake: ukiwa na jambo usiloweza kutuambia sisi, mwambie huyu, hatutamuuliza. Wazazi wengi wanaona hilo ni kujivunjia mamlaka. Nimeona vijana waliofika kwangu mapema, wengi wao waliletwa na mtu wa namna hiyo.

Sasa niyajibu yale ninayoambiwa mara nyingi. "Tungemkaza zaidi." Huyu mliyemleta ana makovu ya mkanda mgongoni. Mlikaza. Mtoto anayepigwa kwa kila kosa hujifunza kukwepa kuonekana. Anayehitajika ni mzazi mwenye masharti yanayojulikana na masikio yanayosikia, vyote viwili kwa pamoja. Mwanasaikolojia Diana Baumrind aliieleza tofauti hii tangu miaka ya 1960, kati ya mzazi anayeamrisha tu na yule anayeongoza huku akieleza, na bibi zetu waliijua bila kusoma.

"Tumwozeshe, atatulia." Hapana. Mtaongeza binti wa watu kwenye msiba, na baada ya mwaka mtoto mchanga.

"Ana jini" au "ana mapepo." Sibishani na dini ya mtu. Ombeni, someni, lakini mleteni wiki hiyohiyo. Jasho, miayo, kuhara na maumivu ya mifupa yanayoanza saa nane mpaka kumi na mbili baada ya kete ya mwisho ni arosto, ina dawa, na ukimpa dawa vinatulia. Kijana akilala fofofo na hamwezi kumwamsha, midomo imebadilika rangi na pumzi zinatoka moja moja, hapo si wakati wa kumwagia maji ya kuombea. Kimbizeni hospitali.

"Tumfungie chumbani mwezi mzima, atakuwa amepona." Hili linaua, na naomba lisomwe kwa makini. Mtu akikaa wiki kadhaa bila unga, mwili unapoteza uzoefu wake. Siku mnapomfungulia anarudi kijiweni na kuchukua kipimo chake cha zamani, na kipimo hicho sasa kinatosha kumzimisha pumzi. Ni hivyohivyo kwa anayetoka mahabusu au anayerudi kutoka kijijini. Msimlaani, msimwambie mmemtolea radhi, msimfungie.

"Wakishampa methadoni atakuwa amebadilisha ulevi kwa ulevi." Hili nalisikia zaidi kutoka kwa viongozi wa dini. Methadoni ni dawa anayopewa mtu badala ya unga. Serikali ya Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala, Temeke na kwingineko, na haiuzwi. Anainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, inakaa mwilini siku nzima, haimpi stimu anayoitafuta kwenye unga, inamwondolea arosto. Mtu asiye na arosto haibi mtungi wa gesi. Anaweza kwenda kazini, anaweza kusimama safu ya kwanza msikitini akiwa na akili zake.

Na akishapata nafuu ya miezi mitatu, tafadhali msimpandishe madhabahuni kutoa ushuhuda wala msimpe kipaza sauti cha mawaidha. Mnampa tena kazi ya kulinda jina la nyumba, na siku akiteleza, kuteleza ni kawaida ya ugonjwa huu, atajificha badala ya kuja kuniambia. Wala msimshinikize aache methadoni kwa sababu Ramadhani au Kwaresima inakaribia. Dozi hupunguzwa na daktari pamoja na yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi. Kikao cha familia hakina kazi hapo. Kama mna wasiwasi nayo, njooni naye kliniki mniulize akiwa anasikia.