Bunduki ya Babu Usiipige Msasa, ya Mwenzako Ndo Kabisa

Kila ikitangazwa kampeni ya kusalimisha silaha kwa hiari, huku kwetu makumbusho Zanzibar simu hazipumziki. Nusu ya wanaopiga wana suali moja, ati na bunduki ya babu nayo ni silaha? Safari hii limezidi jengine. Watu wanaokusanya vitu vya kale, wale wa saa za ukutani, masanduku ya njumu na sahani za Kichina, wameanza kutengenezeana bunduki. Mmoja ana mkono mzuri wa kazi, mwenzake kaachiwa urithi gobore au bunduki ya viasi, yaani ya risasi za ganda, ya Mwingereza, basi anampelekea, "nisafishie bwana ing'are niitundike sebuleni". Nia nzuri, sina shaka nayo. Lakini imeshatuletea kazi.

Nianze na msasa maana ndio unaoniuma. Juzi kaja bwana mmoja na picha za Martini-Henry, bunduki ya zamani ya jeshi la Mwingereza, aliyomsafishia rafiki yake. Chuma kinameta kama sufuria ya harusi, kitako kimepigwa vanishi mpaka unaona uso wako. Namuuliza, hapa ubavuni palikuwa pameandikwa nini? Ananambia ah, palikuwa na vijimaandishi vimeshaliwa na kutu, nimeviondosha pakae safi. Nilinyamaza kidogo.

Kwenye Martini-Henry, ubavu wa kulia, panagongwa taji, herufi VR za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mara nyingi Enfield, na mwaka. Hicho ndo cheti chake cha kuzaliwa. Waingereza waliipokea jeshini 1871 na Victoria kafariki 1901, kwa hiyo ukikuta VR na chini yake mwaka 1910 unajua hapo hapo umeuziwa ya kuchonga, na za kuchonga zipo tele khasa zilizotoka mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, mafundi wa kule wanaiga kila kitu mpaka taji halafu herufi N wanaigonga kinyume. Mauser ya Mjerumani ya 1871 nayo ina "I.G.Mod.71" ubavuni kwa herufi za kizamani. Hata kitako ukikitazama vizuri unaweza kukuta kisahani cha shaba kina namba ya kikosi. Yote hayo msasa unayamaliza kwa dakika kumi.

Na hapa ndo sheria inapoingia, naomba mnisikilize vizuri. Wapo waliosoma mtandaoni kwamba bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla haihitaji karatasi. Hiyo ni sheria ya Marekani ya 1968, haijavuka bahari kuja Unguja wala Pemba. Huku tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo ile ya "sie Zanzibar tuna yetu" hapa haipo. Kama kitu ni cha kale au si cha kale huamui wewe, wala siamui mie peke yangu, anaamua mwenye dhamana ya usajili, na anaamua kwa kusoma hizo hizo alama. Ukishazifuta umebaki na bunduki isiyo na mwaka wala namba, na silaha iliyofutwa namba ina masuali yake mengine kabisa ambayo hutopenda kuyajibu kituoni.

Halafu hii ya 1896. Kila bunduki kongwe ninayoonyeshwa mjini ati imetoka vita vya Sayyid Khalid na Waingereza. Jamani, vita vile vilipiganwa asubuhi moja tu, tarehe 27 Agosti, vikamalizika kwa dakika 38 kwa hesabu iliyozoeleka, na lau zote hizo zingekuwa kasri siku ile basi Mwingereza angegeuza meli. Mzee mmoja aliniapia kabisa, nikatazama, bunduki fupi ya Mwingereza, Lee-Enfield, ina taji, GR za Mfalme George na mwaka 1917. Na kuna jengine sitaki kulisikia tena, kwamba bunduki ya Mjerumani ina "mekyuri nyekundu" ndani ya mtutu inauzwa mamilioni. Hakuna kitu hicho, ni utapeli, msitoboe mitutu.

Kuhusu kutoboa. Gobore, iwe la gumegume au la fataki, watu wa zamani wakilishindilia na kuliweka tayari juu ya mlango, mwenyewe kafa na risasi imo ndani. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki, miaka mia si kitu kwake, cheche moja ya grenda inatosha. Kwa hiyo usichomelee, usipige dirili, usichungulie mtutuni wala usijaribu kufyatua uone kama inafanya kazi. Elekeza mtutu pasipo na watu, watoe watoto chumbani, uache hapo hapo ulipo.

Utaratibu sasa. Kabla hujakubali kazi ya mwenzako mwambie akuonyeshe leseni, na ujue leseni haiazimwi. Narudia, haiazimwi. Leseni jina lake, silaha chini ya kitanda chako, basi mbele ya sheria wewe umeishika na yeye ameitoa, mko wawili, na "ilikuwa ya kusafisha tu" sijasikia ikimsaidia mtu. Kutengeneza silaha ya mtu nako kunataka kibali cha kazi hiyo, hata kama huchukui senti. Tunazungumzia kesi inayoweza kuleta kifungo cha miaka hapa. Kama haina karatasi kabisa, muende kwa sheha kwanza, bila ya bunduki, mueleze imepatikana wapi na lini, halafu kituo cha polisi, nako pia bila ya bunduki, askari ndo watakwambia wanakuja kuichukua au unaipeleka vipi. Ukikabidhi dai karatasi ya makabidhiano, isome kama namba ya silaha imeandikwa sawa, toa kopi, moja ikae kwa sheha. Ukitaka ihifadhiwe kama urithi useme siku hiyo hiyo na iandikwe, tuitwe tuitazame, usisubiri mwezi wa pili ndo uje unililie. Na kupanda nayo boti kutoka Mkoani, Pemba, imeviringishwa kwenye jamvi, hilo hata sitaki kulizungumza.

Kama karatasi zipo na ruhusa ya kuihudumia ipo, kazi yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani. Piga picha kila alama kabla hujagusa kitu. Vaa glavu, jasho lina chumvi na chumvi ndo mama wa kutu. Vumbi toa kwa brashi laini kavu, kutu inayomwagika ipanguse kwa kitambaa na tone la mafuta mepesi ya mashine, ile nyeusi iliyoshikana na chuma iache, ndo ngozi yake. Mafuta ya nazi hapana! Najua bibi alikuwa anapakaza, yanachacha, yananata, yanakusanya vumbi. Ukwaju ni wa masinia ya shaba, usiupeleke kwenye kile kisahani cha kitako maana unatafuna chuma cha pembeni na kulainisha namba. Kitako kikikauka kipake nta kidogo, vanishi hapana.

Na usiitundike ukutani, khasa nyumba za Mji Mkongwe. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zina chumvi na masika zinalia maji, bunduki ikikaa hapo mwaka mmoja upande wa nyuma umekwisha. Iwekwe kwenye kabati la kufungwa na ufunguo, ambalo sheria nayo inalitaka, na chini ya asilimia 50 ya unyevu ukiweza. Wavuvi mkitoa chuma cha zamani baharini msikianike juani, kitapasuka, kiacheni ndani ya maji mtuite.

Picha mnaweza kutuletea siku yoyote ya kazi asubuhi, tutakusomeeni alama bure. Picha nimesema. Wiki iliyopita kuna kijana kashuka kwenye daladala na kitu kirefu kimefungwa kanga, mlinzi wetu wa getini mpaka leo hajanisamehe.