Ndoo ya maji inayozidi kwenye zege

Katika majengo madogo ninayoyasimamia Arusha na Moshi, mabishano yangu na mafundi huwa juu ya maji kuliko saruji. Zege likiwa zito, saidia fundi hutaabika kulisambaza kati ya nondo, hivyo huongeza ndoo nyingine, nalo hutiririka vizuri hata mwenye nyumba akafurahi. Lakini saruji huhitaji maji ya takriban robo tu ya uzito wake ili ishikane. Yanayozidi hapo hulainisha mchanganyiko, kisha hukauka na kuacha vitundu vinavyolidhoofisha zege. Mhandisi Duff Abrams alilieleza jambo hili kule Chicago mwaka 1918, na hakuna slabu iliyowahi kumbishia.

Kwa mfuko wa kilo 50 mimi huanzia lita 25, yaani ndoo kubwa moja na robo. Hesabu hiyo ni ya mchanga mkavu. Wakati wa masika mchanga huja na maji yake, na tena huvimba, kwa hiyo boksi lililojaa huwa na mchanga pungufu kuliko lionekanavyo. Ninasema boksi kwa makusudi, kwa sababu toroli linalojazwa kwa macho si kipimo: boksi la mbao la sentimita 35 kwa 35, lenye kina cha sentimita 29, hubeba ujazo unaokaribiana na wa mfuko mmoja, na kwa uwiano wa 1:2:4 hujazwa mara mbili kwa mchanga na mara nne kwa kokoto. Kokoto za mawe ya volkano zenye matundu hunywa maji, basi zilowanishwe mapema, zisije zikanyonya yale ya saruji.

Kubishana na fundi hakuna haja ukiwa na koni ya bati ya milimita 300. Ijaze kwa matabaka matatu, kila tabaka ulichome mara 25 kwa nondo ya milimita 16, kisha uinyanyue polepole. Kwa slabu ndogo inayoshindiliwa kwa vibreta, nikiona zege limeshuka kati ya milimita 50 na 100, ninaruhusu limwagwe. Likiporomoka lote, ninalikataa.

Kumwagilia kwa siku 7 kila mtu anakujua. Kinachosahaulika ni baridi ya Julai, ambayo huchelewesha zege kukomaa, ndiyo maana siruhusu mirunda ing'olewe mapema kama mwezi Februari.