"Tunafunga saa nne" maana yake si "njoo saa nne kasoro dakika kumi"

Jumamosi tena. Saa nne kasoro dakika kumi usiku, wanaingia watu watano na kila mmoja anataka sato mzima wa kukaanga na ugali. Mhudumu anawaambia jiko limefungwa. Jibu ni lile lile ninalolisikia tangu nianze kupika hapa Mwanza: "Si mmeandika saa nne? Bado dakika kumi."

Dakika kumi za nini? Saa ya mlangoni ni ya mteja wa mwisho kutoka. Jiko lina saa yake. Kwetu oda ya mwisho ni saa tatu na nusu. Hebu piga hesabu. Sato kashaparwa, sawa, lakini bado kuchanjwa, chumvi na ndimu. Karai nimeshalishusha, na kurudisha mafuta kwenye nyuzi 170 au 180 ni robo saa. Nikimtumbukiza kabla, atanyonya mafuta na ngozi itang'ang'ania karai, kisha useme mpishi hajui kazi. Watano hawaingii kwa mkupuo mmoja, maana wakijazana mafuta yanapoa. Basi mikupuo miwili, robo saa kila mmoja, na huku ugali unasongwa. Saa nne na nusu imepita, bado hamjanawa. Na sato haliwi mbiombio: ana miiba, ana kichwa, na kichwa cha sato Kanda ya Ziwa hakiachwi kwenye sahani.

Mkiondoka, mimi nangoja mafuta yapoe ndiyo niyachuje, nisugue karai, nipige deki. Binti aliyewahudumia anakaa Buhongwa. Daladala zimeshaadimika, anapanda bodaboda, nauli yake mwenyewe.

"Si wanalipwa?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku, iongezewe asilimia 5. Hayo ni ya mwajiri na mfanyakazi. Tipu yako nono tunaishukuru, ila haiwashi jiko.

"Basi nifungie niondoke nacho." Hapo umeipumzisha meza. Karai je?

"Chakula cha usiku ni kiporo." Pilau iliyotunzwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 tangu jioni haina neno. Ogopa wali ulioachwa ukapoa kwenye sufuria: kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, na sumu yao haiondoki hata ukiupasha. Kwa hiyo ukiambiwa pilau ipo na mchuzi upo, chukua. Mimi nikichelewa kwa wapishi wenzangu sivuti hata kiti kabla ya kuuliza, "Dada, jikoni bado wapo? Kipi kiko tayari?" Sijawahi kulala njaa.

"Wakipandisha viti juu ya meza wananifukuza." Kama umeingia saa mbili na saa nne haijafika, una haki ya kununa, vijana wangu huwa nawakataza. Bili kuletwa hujaiita ni jambo jingine, keshia anafunga hesabu za siku. Lipa, umalizie soda yako.