Maana ya haki ya maisha ya familia mbele ya mahakama za haki za binadamu

Haki ya kuheshimiwa maisha ya familia ni kinga ya mtoto na ya mzazi pia dhidi ya dola kuingilia uhusiano wao bila sababu nzito. Barani Ulaya imo katika Ibara ya 8 ya Mkataba wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950. Mahakama zinazosimamia haki ya namna hii, ya Ulaya iliyoko Strasbourg, ya nchi za Amerika iliyoko San José na ya Afrika iliyoko Arusha, hazimhukumu mzazi wala haziamui ugomvi wa wazazi waliotengana. Anayejibu shauri ni dola, na kwa kawaida shauri halipokelewi mpaka mlalamikaji awe amezimaliza ngazi zote za mahakama za nchini mwake.

Familia hapa haipimwi kwa cheti cha ndoa. Mwaka 1979, katika shauri dhidi ya Ubelgiji, Mahakama ya Ulaya iliilaumu sheria iliyomlazimu mama asiyeolewa kumtambua rasmi mtoto aliyemzaa mwenyewe, ndipo ahesabiwe kuwa mama yake kisheria. Ndoa yenyewe nayo huchunguzwa: mwaka 2018 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba Mali ilikiuka wajibu wake kwa sheria iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 16, na ikaiamuru irekebishe sheria hiyo.

Ugumu huanza pale nyumba yenyewe inapokuwa hatari kwa mtoto. Dola ikikaa kimya, inakosa: mwaka 1998 Uingereza ilishindwa shauri la mvulana aliyechapwa fimbo mara kwa mara na mume wa mama yake, kwa kuwa sheria ya nchi haikumpa kinga ya kutosha. Ikimwondoa mtoto, lazima ioneshe kwamba sheria iliruhusu, kwamba lengo lilikuwa halali, na kwamba hatua hiyo ilikuwa ya lazima kweli. Kinachotangulizwa ni maslahi bora ya mtoto, kanuni iliyomo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na maslahi hayo yana pande mbili: mtoto akue salama, na asikatwe na watu wake ila pale ambapo hapana budi.

Kwa sababu hiyo, kumchukua mtoto huhesabiwa kuwa hatua ya muda, na dola hubaki na deni la kujaribu kumrudisha. Katika shauri la Sweden la mwaka 1988, Mahakama ya Ulaya haikuona kosa katika kuwaondoa watoto watatu nyumbani. Kosa lilikuwa kuwatenganisha wao kwa wao, wengine wakipelekwa mamia ya kilomita kutoka kwa wazazi, huku ziara zikibanwa. Katika shauri la Norway la mwaka 2019, mtoto aliasiliwa na familia nyingine bila ridhaa ya mama yake, baada ya miaka ya kuonana kwa saa chache tu. Mahakama iliona kwamba mikutano michache hivyo haikutoa ushahidi wa kutosha kuhusu uwezo wa mama wa kulea, na kwamba hapakuwa na tathmini mpya ya wataalamu. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki kabisa, kwani mzazi hawezi kuonesha malezi asiyopewa nafasi ya kuyatoa.

Adui mkubwa zaidi katika mashauri haya ni muda. Nchini Argentina, baba mmoja alimdai binti yake aliyezaliwa mwaka 2000 na kukabidhiwa kwa watu wengine punde baada ya kuzaliwa. Mahakama za nchini zilichelewa miaka mingi, kisha zikasema mtoto amekwisha kuwazoea waliomlea. Mwaka 2012 Mahakama ya nchi za Amerika ilikataa ucheleweshaji wa dola ugeuzwe hoja dhidi ya baba. Binti alikuwa anakaribia miaka 12, na amri iliyotolewa ilikuwa kuanza kujenga uhusiano kati yao hatua kwa hatua, kwa msaada wa wataalamu.