Vinkristini na Saratani ya Damu: Maswali na Majibu

Vinkristini ni dawa gani?
Ni dawa ya tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) iliyopatikana kwenye mmea wenye maua ya rangi ya waridi, ambao asili yake ni Madagaska. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1963, na hadi leo ni nguzo ya matibabu ya lukemia kali ya limfoblasti (aina ya saratani ya damu), hasa kwa watoto, na ya aina kadhaa za limfoma (saratani ya mfumo wa limfu). Seli inapogawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba za kuvutia kromosomu (vibeba urithi vya seli) pande mbili. Vinkristini huzuia nyuzi hizo, seli ikakwama na kufa.

Basi nikichemsha majani yake?
Usithubutu. Yana sumu, na dozi haipimwi kwa sufuria.

Mbona vidole vinakufa ganzi?
Neva (mishipa ya fahamu) nazo zinategemea nyuzi kama hizo, na zile ndefu za mikono na miguu huumia kwanza. Unakuta kifungo cha shati hakifungiki, au ndara imekuvuka mguuni bila wewe kujua. Wengine huumwa taya hata kutafuna kukawa kazi. Mwambie daktari mapema, kwani dozi inaweza kupunguzwa au kusogezwa mbele. Nanyi wazazi, mtoto akianza kuburuta miguu au kujikwaakwaa, msimkaripie. Si uvivu.

Na kukosa choo?
Neva za utumbo hulegea pia. Wengi huona haya kulisema hili. Nawasihi mlitaje kila mnapoulizwa hali, na muombe dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo. Tumbo likijaa na kuuma, au ukitapika, nenda hospitali. Usijipige bomba la haja kubwa bila ruhusa: kinga ikiwa chini, linaweza kuingiza maambukizi.

Kwa nini inawekwa kwenye mfuko mdogo wa dripu?
Wagonjwa wengi hupewa pia dawa nyingine kupitia uti wa mgongo. Vinkristini ni ya kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa mgongoni kwa makosa, karibu kila mara huua. Imeshatokea, kwa sababu bomba mbili za sindano hufanana. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri iwekwe kwenye mfuko, usioweza kuchanganywa na bomba la sindano ya mgongoni. Dripu ikiwa inaingia na mkono ukawaka au kuvimba, sema hapo hapo, usivumilie: dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Naweza kuchanganya na dawa nyingine?
Muulize daktari kwanza, hasa dawa za fangasi. Itrakonazoli, kwa mfano, huongeza madhara ya vinkristini kwenye neva.